Mama Sitoi na Kichupa cha Kitanda cha Sita

Mwanamke ninayemwandika hapa amepima damu za watu kwa miaka ishirini na mbili ndani ya chumba kimoja. Chumba kiko chini ya ngazi, hakina dirisha. Kina mlango wa chuma na kitundu cha kupitishia vitu, ukubwa wake kama sahani. Ukipita kwenye korido unaona mikono yake tu. Wodini wanamwita Mama Sitoi. Jina hilo walimpa manesi, kwa kuwa ndilo neno wanalolisikia sana kutoka kwenye kile kitundu. Kichupa cha damu hakina jina la mgonjwa: "Sitoi." Kina jina lakini hakina saa: "Sitoi." Karatasi inasema mwanamume, kichupa kinasema mwanamke: "Huyu ameoa au ameolewa? Sitoi, rudi."

Anayerudi ni mimi. Ni mchukuzi wa hospitali. Nasukuma machela na vitanda, nashusha vichupa maabara na kupandisha mifuko ya damu wodini. Shule niliishia darasa la saba. Si msemaji, na kwa ajili hiyo wananiita Bubu, hata wagonjwa wageni hudhani ndilo jina nililopewa na wazazi.

Mwezi uliopita walitaka kumtoa Mama Sitoi kwenye chumba chake wampeleke stoo ya mashuka, kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilijua kosa lilitoka wapi. Sehemu yake niliifanya mimi. Ninapoandika haya bado nina hasira, na nusu ya hasira hiyo sina pa kuipeleka, maana anayeistahili ni mimi mwenyewe.

Aliingia hospitali akiwa msichana wa kuosha vichupa. Wakati huo vilikuwa vya kioo, vinaoshwa na kutumika tena. Mkuu wa maabara wa siku zile alimwona kila mara anasoma kibandiko kabla ya kukibandua, akamwuliza anatafuta nini. Akajibu, "Najua tu naosha damu ya nani." Yule mkuu akacheka, akamfundisha kupima. Baadaye alipelekwa masomoni, akarudi na cheti, akakabidhiwa chumba cha damu na stuli yenye mguu mmoja mfupi. Ile stuli anayo mpaka leo, ameitegeshea kipande cha mbao. Huvaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya mafriji. Miguu humvimba ikifika saa nane, basi huvua viatu na kuvipanga juu ya katoni, na mtu akimkuta hivyo huambiwa aangalie ukuta.

Katika mwaka wake wa pili aliona jambo ambalo halijamtoka. Kulikuwa na dereva wa lori aliyevunjika mguu, mcheshi, aliyekuwa akimwita mchumba kila anapopita na ndoo yake. Yule dereva alikuwa kundi O. Akatundikiwa mfuko wa A uliokuwa wa mgonjwa wa jirani.

"Haikufika robo saa," aliniambia, "akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikalia. Akasema mgongo unakatika. Mkojo ukatoka mweusi kama kahawa. Siku ya tatu akafa. Na mguu ulikuwa umeshaanza kupona!"

Akifika hapo kwenye mguu hupandisha sauti, kana kwamba huo mguu ndio uliomuudhi kuliko wote.

Ni yeye aliyenieleza mambo ya damu, mimi nikiwa nimesimama nje ya kitundu nikisubiri. Ana kigae cheupe. Anadondosha damu ya mgonjwa mara mbili, tone hapa na tone hapa. Tone la kwanza analitilia dawa ya kutafuta A, la pili dawa ya kutafuta B, anachanganya kwa kijiti na kukiyumbisha kigae taratibu. Damu ikishikana chengachenga upande wa kwanza tu, ni A. Upande wa pili tu, ni B. Pande zote mbili, AB. Isiposhikana popote, ni O. Kuna tone jingine la chanya na hasi, halafu kuna kuichanganya damu ya mgonjwa na ile ya mfuko wenyewe kuona kama zitapatana.

"Huyu wa O ndiye masikini wao," aliniambia. "Anawagawia wenzake wote, yeye hapokei ila kwa O mwenzake. Ukimpa A, mwili wake unamwona mgeni kama jambazi. Unamvunjavunja humohumo kwenye mishipa, na uchafu wake unaenda kuziba figo."

Nilielewa vizuri. Nasema hivyo ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Sasa siku yenyewe. Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, mwanamke mwenye amri kuliko mganga mkuu, alilazwa wodi ya wanawake kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Walimpasua siku ya Jumanne, wakamlaza kitanda cha sita. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi naingia zamu, nakwenda kumjulia hali.

"Hali gani?" akasema. "Mtu amelazwa chini ya hili feni? Limenililia usiku kucha kama mlango wa zizi. Wewe si ndiye mwenye matroli yote ya hospitali hii? Nisogeze pale."

Pale ni kitanda cha saba, karibu na ukuta. Alikuwepo mama mmoja mtu mzima mwenye kidonda cha sukari, akasema yeye feni halimsumbui, tena anapenda upepo. Vitanda vyetu vina magurudumu. Namba zimepakwa rangi ukutani, na mafaili yananing'inia kwenye misumari chini ya namba. Nikavuta hiki, nikasukuma kile. Dakika tatu, kazi imekwisha.

Mafaili sikuyagusa. Mwaka jana niliwahi kuokota faili lililoanguka, nikaambiwa mbele ya wagonjwa kwamba kazi yangu ni magurudumu, si karatasi. Kwa hiyo nikayaacha nikamwambie nesi wa zamu. Nesi wa zamu tunamwita Chapuchapu kwa wepesi wake, na ni mwepesi kweli. Nilimkuta anabishana na mtu wa jikoni kuhusu uji uliokuja baridi. Nikasimama. Akaniona, akasema, "Bubu, usinisimamie kama nguzo." Nikaondoka. Nilijiambia nitarudi. Sikurudi.

Kwenye meza ya Chapuchapu, vichupa vya siku hubandikwa majina mapema, vyote kwa pamoja, kufuata orodha ya vitanda. Kisha anapita navyo kwenye trei: kitanda cha pili, mkono, kitanda cha sita, mkono. Hamuulizi mtu jina, maana jina limeshaandikwa. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia. Kichupa chenye jina la dada yangu, cha kupimia kundi endapo atahitaji damu, kikajazwa damu ya yule mama wa sukari. Mama wa watu hakuuliza, alidhani anapimwa sukari.

Saa tatu daktari wa wodi akapita. Mimi nilikuwa palepale, nimeshika beseni. Akachukua faili la ukutani, akamtazama mgonjwa, akatazama faili. "Nani kanichanganyia mafaili kama karata?" akasema. Akayabadilisha kwa mkono wake mwenyewe, akaendelea mbele. Hakuuliza kama kuna damu iliyotolewa. Nami sikufungua mdomo. Nilipumua nikaona, afadhali, mambo yamekaa sawa.

Saa nne dada akaanza kutoka damu nyingi. Wakaagiza mifuko miwili, mbio. Nikashuka kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

"Sitoi," akasema Mama Sitoi.

"Mama, ni dada yangu."

"Najua ni dada yako, ndiyo maana sitoi. Tazama." Akapitisha kitunduni daftari lake kubwa, kidole kwenye mstari. "Miaka mitatu iliyopita alijifungua hapahapa, nikampima mwenyewe. O. Leo kichupa chake kinaniambia A. Mtu habadili damu kama anavyobadili kanga. Mmoja kati yangu na kichupa anadanganya. Niletee damu nyingine, achomwe mbele ya macho yako, na aulizwe jina."

"Na ya O haipo?"

"Ipo mifuko miwili tu, imetengewa mtu aliye mezani anapasuliwa sasa hivi. Kimbia, usinitolee macho!"

Nikapanda. Chapuchapu akasema hachomi mtu mara mbili kwa sababu ya ukaidi wa bibi wa chini. Daktari akasema friji limejaa A, kichupa kimesema A, ubishi wa nini? Akashuka mwenyewe. Shemeji yangu, mume wa dada, fundi ujenzi mwenye mabega kama kabati, akashuka nyuma yake akaanza kuupiga ule mlango wa chuma.

"Damu ya watu unaifungia kwenye friji kama nyama! Mke wangu akifa, utanilipa nini wewe?"

"Nikikupa hii atakufa kweli," sauti ikatoka kitunduni. "Piga mlango mpaka uchoke. Daktari, acha kunyooshea kidole tundu, panda ukamchome mgonjwa wako. Umeshapoteza dakika ishirini kwa kunitukana."

Nilikuwa nimesimama kati yao. Hapo ndipo nilipokumbuka vitanda. Nilikumbuka yote, feni na magurudumu na beseni. Sikusema neno.

Mwishowe daktari alipanda akamchoma dada mwenyewe, kwa hasira. Kichupa kikashuka. O. Mama Sitoi alikuwa ameshampigia simu mtu wa usingizi kule chumba cha upasuaji, na mgonjwa wao alikuwa hajatokwa na damu ya kutisha, wakakubali kuachia mfuko mmoja. Akaulinganisha, ukapatana, nikaupandisha. Tangu kuagizwa hadi tone la kwanza kuingia ilipita saa moja na dakika hamsini. Dada alikuwa amezimia mara mbili, midomo rangi ya majivu. Akapona.

Usidhani walimshukuru yule mwanamke. Wiki ileile ilitoka barua. Ilisema kichupa cha kwanza kimepimwa A na cha pili O, mgonjwa ni yuleyule mmoja, kwa hiyo aliyekosea ni mpimaji, tena alichelewesha damu ili kufunika kosa lake. Chapuchapu aliandika kwamba alimchoma mgonjwa husika na alimwuliza jina. Daktari akaandika kwamba hakuona kitu kisicho cha kawaida wodini. Kikao kikapangwa, na mpaka kikao kiishe Mama Sitoi afanye kazi chini ya usimamizi wa mpimaji wa mkojo.

Yeye aliwaambia, "Kichupa cha kwanza bado ninacho. Nimekipima mara sita, ni A. Kuna mwanamke wodini humo mwenye damu hii. Mtafuteni." Wakamjibu kuwa hawawezi kuwachoma wanawake thelathini kumfurahisha mtu mmoja.

Siku kumi na moja nilipita mbele ya kile kitundu. Nilimwona anasimamiwa na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika kijiti. Alikuwa hanitanii tena. Siku moja akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe uko juu na chini kutwa nzima. Hukuona chochote?" Nikasema, "Hapana, Mama." Nilimjibu hivyo huku ninamwangalia mikono.

Nilimweleza dada nyumbani kwake, nikidhani atanipoza.

"Kwa hiyo ningekufa kwa sababu ya feni," akasema. Akaitupa chini ile nguo aliyokuwa anaiwekea vifungo. "Hapana. Ningekufa kwa sababu una mdomo na huutumii. Na huyo mama wa watu anafukuzwa huku unameza mate? Toka. Usirudi hapa mpaka umesema. Na ukiona umeshindwa nitakuja mimi na mshono wangu huu, nitavua nguo mbele ya mganga mkuu wao."

Angefanya. Namjua.

Siku ya kikao niliambiwa nipeleke viti. Nilikuwa naingia na kiti cha mwisho kichwani wakati mganga mkuu anasoma barua. Wote walikuwepo, daktari, Chapuchapu, mpimaji wa mkojo, na Mama Sitoi na sweta lake, mikono juu ya mapaja.

"Vitanda vilihama," nikasema.

Mganga mkuu hakuinua macho. "Weka kiti, uende."

"Vitanda vilihama, mafaili hayakuhama. Sita na saba. Nilivihamisha mimi, saa kumi na mbili asubuhi."

"Huyu hata salamu haitikii," Chapuchapu akasema, "leo anatoa hotuba?"

"Mwacheni aseme," akasema Mama Sitoi, sauti ndogo sijawahi kuisikia.

Nikasema yote, vibaya, kwa kurukaruka, na kiti bado kiko kichwani kwa kuwa sikukumbuka kukitua. Nilipofika kwa daktari, akasema, "Sikumbuki kubadilisha mafaili."

"Ulisema, nani kanichanganyia kama karata. Nilikuwa na beseni."

"Ninaona wagonjwa sitini kwa siku. Sikumbuki."

"Basi tusibishane," Mama Sitoi akasema. "Yule mama waliyebadilishana naye vitanda bado yupo, kidonda chake hakijafunga. Mpimeni. Usipime mkono wangu, apime huyu." Akamwonyesha mpimaji wa mkojo.

Walisubiri nusu saa. Jibu likaja: A. Mganga mkuu akaikunja barua, akaitia kwenye droo. Hakusema samahani. Alisema, "Suala limefungwa," akatazama saa yake.

Nilimfuata Mama Sitoi mpaka chini. Nilitegemea nini sijui. Labda ahsante.

"Siku ngapi?" akaniuliza kutoka ndani.

"Kumi na moja."

"Unajua nilikuwa nafanya nini siku hizo kumi na moja? Nilikuwa najichoma kidole kila asubuhi, napima damu yangu mwenyewe. Nimejua tangu usichana kuwa mimi ni B. Naipima tena kama mwanafunzi, nione kama macho yameanza kunidanganya. Nilifika mahali nikiona B nasema, labda. Labda, mimi!" Akakipiga kile kigae juu ya meza, hakikuvunjika. "Yule daktari ni mwongo, namjua. Chapuchapu ni mvivu mwenye mbio, namjua. Wewe nilikuuliza. Nilikuuliza uso kwa uso."



Kesho yake tangazo likabandikwa kila wodi, lenye muhuri. Nililisoma mara tatu, nikidhani nimeruka mstari. Lilisema: ni marufuku kwa wachukuzi kuhamisha vitanda bila idhini ya maandishi. Basi. Hakuna neno juu ya kubandika vichupa mezani, wala kumwuliza mgonjwa jina lake. Mimi nikapewa onyo, ni haki yangu, sikulilalamikia. Lakini yale yaliyokaribia kumwua dada yangu yaliachwa yalivyo, yakapigiwa muhuri. Watu wanne wenye vyeti walikaa chumba kimoja, wakasikia kila kitu, wakatoka na magurudumu.

Asubuhi hiyo Chapuchapu alinipa trei. Vichupa vinne. Nilimwona kwa macho yangu anavibandika mezani, anaimba. Nikavishusha. Mama Sitoi akavipokea, akavigeuza kimoja kimoja kwenye mwanga.

"Vina majina, vina saa, vina kila kitu," akasema. "Vilibandikwa wapi?"

Kwa kawaida huwa namwambia sijui.

"Mezani," nikasema. "Kabla ya kumchoma mtu yeyote. Vyote vinne."

"Hakuna aliyeulizwa jina?"

"Hakuna."

Akavirudisha kwenye trei, akaisukuma nje ya kitundu.

"Sasa panda. Na huko juu usiseme Mama Sitoi amekataa. Miaka ishirini na mbili mnalitupa jina langu kwenye ngazi halafu mnasimama pembeni. Sema ulichokiona wewe."

Nikapanda ngazi. Chapuchapu alipoiona trei ileile akaweka mikono kiunoni. "Bubu! Kuna nini tena?"

Nikamwambia, na wodi nzima ikasikia.